Funika Kitu, Usifunike Mtu

Kila mwaka, mwezi wa sita ukianza tu, vijana wa Nakivale wanaanza kuchora mahema. Tarehe 20 Juni ni Siku ya Wakimbizi Duniani, mashirika yanaleta karatasi na rangi, zawadi zinatangazwa, basi mahema yanaota kama uyoga. Hema jeupe, njiwa, mtoto mwenye chozi (chozi ni moja kila mara, sijui kwa nini), na mikono miwili inayobeba dunia. Lakini toka nje utazame mtaa wetu. Utaona nyumba za udongo, mabati, migomba, duka la simu, mashine ya kusaga mahindi. Watu wameishi Nakivale tangu mwisho wa miaka ya 1950. Wengi wa hawa wachoraji wamezaliwa hapa au waliletwa mgongoni, na kama waliwahi kulala ndani ya hema basi ni zile siku chache za mapokezi. Hema wanalichora kwa sababu ndilo mgeni analotarajia kuliona.

Nakaa na vijana wanaochora kila Jumamosi, na kwa muda mrefu hili lilinisumbua kuliko ukosefu wa rangi. Rangi tunaweza kuishi bila. Tuna makaa, tuna karatasi za mifuko ya simenti. Shida ni macho. Kijana anashika kaa, kabla hajaweka mstari wa kwanza ameshatazama karatasi ya jirani, ametazama simu, ametazama bango la shirika ukutani, kisha ananitazama mimi kama nimefurahi. Mkono wake unafanya kazi kwa ajili ya macho ya watu wengine. Ukimwambia "chora ulichokiona wewe", anakuangalia kama umemuuliza kitu cha mtihani ambacho hakikufundishwa.

Jibu la kwanza nilikutana nalo kwa mwanamke aliyefariki kabla sijazaliwa. Margaret Trowell alikuwa Mwingereza, mke wa daktari Hugh Trowell wa Mulago. Mwaka 1937 alianza kufundisha sanaa Kampala, kwenye baraza ya nyumba yake, na kutoka darasa lile ikakua shule ya sanaa ya Makerere ambayo mpaka leo ina jina lake. Kilichonishika ni namna alivyofundisha. Hakuwa anaweka chungu mezani na kusema chora hiki. Alisimulia. Wanafunzi wanakaa, wanafumba macho, yeye anaeleza kwa maneno tukio la kijijini au hadithi ya Biblia, polepole, mpaka kila mmoja aone picha yake ndani ya kichwa. Halafu ndipo wanafumbua na kuchora. Njia hiyo aliitoa London kwa mwalimu wake Marion Richardson, ambaye zamani alifundisha wasichana wa mji wa Dudley hivyo hivyo. Na Richardson alikwenda mbali zaidi: wakati mwingine hakusimulia chochote, aliwaambia wasichana wafumbe tu na kungoja, wachore kitakachokuja chenyewe.

Miongoni mwa waliopita kwa Trowell ni Gregory Maloba kutoka Kenya, aliyetengeneza ile sanamu ya Uhuru ya mwaka 1962 pale Kampala, ya mtu anayemwinua mtoto juu. Mwingine ni Sam Ntiro, Mchaga wa Machame. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, iko New York katika Museum of Modern Art. Fikiria: usiku, migombani. Hiyo si picha ya mtu aliyeweka kiti mbele ya mgomba akaukodolea macho. Ni picha ya mtu anayekumbuka.

Sisemi Trowell alikuwa malaika. Alikuwa na mawazo yake kuhusu Mwafrika anapaswa kuchora nini na asichore nini, na wapo waliomlaumu kwa hilo, kwa haki. Mimi nina lawama moja ndogo ya kazi: anayefumba macho yuko mikononi mwa mwenye sauti. Kama mwalimu ndiye anachagua hadithi kila siku, basi umeondoa bango ukutani ukaliweka ndani ya sikio. Kwa hiyo sisi tulibadili. Anayesimulia ni mmoja wa vijana, au mama tunayemwomba aje, na hasimulii hadithi kubwa. Anaeleza kitu kimoja alichokuwa anakigusa kila siku kwao. Mlango. Jiwe la kusagia. Ngazi ya mashua.

Ukimya hatukuupata, niseme mapema. Base Camp siku ya Jumamosi ina spika za kanisa mbili, moja inafanya mazoezi ya kwaya na nyingine inatoa pepo, na katikati yake jenereta. Mwanzoni niliona kelele itaharibu. Kumbe mtu akishafumba macho, kelele ya mbali inakaa mbali. Mmoja wao alisema spika ya kanisa ndiyo ilimkumbusha soko la Uvira, hakuhitaji msimulizi.

Zile karatasi za wiki za kwanza bado ninazo. Msichana mmoja alichora sufuria ya sombe kutoka juu, duara moja nene na ndani yake mwiko, basi. Hakuna mtu, hakuna nyumba. Alisema ndivyo alivyokuwa anaiona akiwa amebebwa mgongoni mwa mama yake anayepika. Kijana Mrundi alichora kamba ya ng'ombe, na fundo la kamba ni kubwa kuliko ng'ombe mwenyewe, kwa sababu kazi yake ilikuwa kulifungua asubuhi vidole vikiwa na baridi. Msomali mmoja alichora mistari tu, karibu arobaini, imesimama. Tulidhani ni mvua. Alisema ni pazia la shanga la mlango wa shangazi yake, na alikuwa anahesabu. Hata chozi moja halikuonekana. Hema pia.

Siku nyingine tulichora macho yakiwa yamefumbwa mpaka mwisho, kaa mkononi. Hapo mstari unapanda juu ya mwingine, jicho linaangukia shingoni, watu wanacheka sana. Kicheko hicho kina faida yake. Yule anayejulikana kuwa fundi wa kuchora na yule ambaye hajawahi kushika penseli wanatoa karatasi zinazofanana, na yule wa pili anarudi Jumamosi ijayo.

Halafu akaja mgeni, wa shirika ambalo sina haja ya kulitaja. Alikuwa amesikia habari zetu, akafurahi, akaja na mfuko wa vitambaa vyeusi vya kufungia macho. Alitaka kila mtu afungwe, ili asiwepo anayechungulia, na tuwe tunawaongoza kwa mkono kuzunguka chumba. Alikuwa mtu mwema, niseme wazi. Alianza kugawa. Kijana mmoja mwenye miaka kama ishirini alishika kitambaa chake, akakikunja vizuri, akakirudisha mezani, akatoka nje. Nilimfuata. Alikuwa amekaa juu ya jerikani.

"Dada, mimi nilishafungwa macho," alisema. "Sikufungwa kwa mchezo."

Sikumuuliza wapi wala nani. Tulikaa pale. Baada ya muda akasema kuwa kufumba hana shida, anafumba kila usiku kama watu wote. "Ya kufumba njo yangu. Ya kufungwa, iko na mwenyewe."

Tangu siku ile nilisoma zaidi juu ya jambo hili, na nadhani kila mtu anayependa kuleta giza kwenye darasa la sanaa inafaa ajue lilikopitia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, watu wa mwanasaikolojia Donald Hebb waliwalipa wanafunzi dola 20 kwa siku, pesa nyingi wakati ule, ili walale kitandani bila kufanya kitu. Miwani iliyopitisha mwanga lakini siyo umbo. Glavu, na makaratasi magumu kwenye mikono wasiguse kitu. Mto umezunguka kichwa, mlio uleule masikioni. Walitoka kula na kwenda msalani tu. Wengi hawakumaliza siku chache. Walianza kuona vitu ambavyo havipo, mwanzo alama na mistari, baadaye watu na wanyama wanaotembea. Serikali ya Kanada ililipia utafiti huo kupitia bodi yake ya ulinzi, na ukiona jeshi linalipia usingizi wa wanafunzi, jua halitafuti ndoto. Mwaka 1971, Ireland ya Kaskazini, wanaume 14 waliokamatwa walivikwa mifuko kichwani, wakasimamishwa ukutani, wakapigiwa kelele isiyokatika, wakanyimwa usingizi na chakula. Mwaka 1978 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema huo ulikuwa unyama na udhalilishaji.

Na karibu wakati huohuo, mwishoni mwa miaka ya 1960, huko Los Angeles, wasanii James Turrell na Robert Irwin pamoja na mwanasaikolojia Ed Wortz walikuwa wanaingia kwa hiari yao ndani ya chumba kisichopitisha sauti wala mwanga, ili wajue jicho na sikio vinafanya nini vikikosa kazi. Baadaye Turrell alitengeneza vyumba vya giza ambamo mtazamaji anakaa dakika nyingi bila kuona kitu, kisha mwanga mdogo unaanza kujitokeza, ambao ulikuwepo muda wote. Sijawahi kuingia chumba cha namna hiyo na sitegemei kuingia karibuni. Lakini nikisoma naona giza ni lilelile, na anayelikaa ni mtu yuleyule mwenye macho mawili. Tofauti ni mlango, na nani ameshika ufunguo.

Kwetu tuliamua hivi, na bado ndivyo tunavyofanya: hakuna kitambaa juu ya uso wa mtu. Anayefumba anafumba mwenyewe, akiegemea ukuta, mlango ukiwa wazi, na anayetaka kuchora macho yakiwa wazi anachora. Akichungulia, achungulie. Vile vitambaa vyeusi mama wa jirani alishonea watoto kaptula.

Lakini yule kijana hakuishia hapo. Wiki mbili baadaye tulikuwa tunapanga jinsi ya kuonyesha kazi zetu Mbarara, tena safari hii tulikuwa na vitu vya udongo pia, kwa sababu tulishaanza kufinyanga na udongo wa kando ya ziwa. Mtu akasema, watazamaji nao wafumbe macho. Mwingine akasema hawatakubali, watachungulia, ni watu wazima. Ndipo kijana akasema: "Funika kitu, usifunike mtu." Meza, juu yake kitu, juu ya kitu blanketi. Mgeni anaingiza mikono chini ya blanketi. Macho yake ni yake, atazame dari kama anataka.

Tulicheka kwamba wazo liko rahisi hivyo. Wala si jipya. Huko kwetu Kongo, Waluba wana kitu kinachoitwa lukasa: ubao mdogo unaoshikika, umepigiliwa shanga na visimbi. Mtu wa chama cha Mbudye, aliyefundishwa, anaushika kwa mkono wa kushoto na kupitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga, na kidole kinapotembea anasimulia wafalme, safari, mahali. Historia inasomwa kwa ncha ya kidole. Lukasa moja iko Brooklyn Museum huko Marekani, na makumbusho ni makumbusho, unatazama, huruhusiwi kugusa. Kwa hiyo mtu akiniambia kumnyima mtazamaji macho ni jambo la ajabu, namuuliza mbona kumnyima vidole tumekuzoea hivyo.

Basi tulichukua taksi mbili kutoka Base Camp, vyungu vimefungwa ndani ya nguo na magodoro, tukaenda Nyamitanga. Mnaojua Mbarara mnajua, ni ule mlima ng'ambo ya mto Rwizi wenye kanisa kuu la Wakatoliki. Tulipewa chumba kwa siku moja. Vitu tisa, meza tisa, blanketi tisa. Na jambo moja ambalo tulibishana sana kabla ya kukubaliana: hakuna maandishi. Hakuna jina, hakuna nchi, hakuna "mwathirika wa vita, miaka 19".

Hapa nawaambia ndugu zetu wa mashirika, kwa heshima, maana najua mnasoma gazeti hili. Karatasi ile ndogo chini ya picha mnaisoma kwanza. Nimewatazama miaka mingi. Mnainama, mnasoma nchi, mnasoma umri, mnatikisa kichwa, ndipo mnainua macho kwenye picha kwa sekunde tatu ili kuhakikisha kwamba inalingana na karatasi. Picha inakuwa ushahidi wa ripoti. Nafikiri tukitaka kumnyima mtazamaji kitu kimoja tu, giza linaweza kungoja. Tuanze na hiyo karatasi.

Nyamitanga waliingia kama watu wanaoingia kwenye maji ya baridi. Ofisa mmoja ninayemjua, mtu wa maswali ya haraka, aliingiza mikono akanyamaza. Nilikuwa na simu, nikahesabu: alikaa kwenye meza moja karibu dakika sita. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Hili ni sikio?" Nikamwambia sijui, mimi mwenyewe sijaambiwa. Akarudisha mikono. Miaka yote ninayomjua ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiuliza kuhusu kitu chenyewe na si kuhusu aliyekitengeneza.

Akaja pia mzee mmoja asiyeona, ameongozwa na mjukuu. Huyu hakuhitaji blanketi, tukamwekea tu mbele yake. Alipapasa bakuli moja, akaizungusha, akasema imefinyangwa na mtu wa mkono wa kushoto. Tulitazamana. Ni kweli, msichana wa sombe ni wa kushoto; alama za dole gumba zimelalia upande huo, na sisi tulioitazama bakuli hiyo mwezi mzima hatukuliona hilo. Halafu mzee akauliza kwa nini wengine wanafunikiwa. Nilipomweleza, alicheka. Akasema watu wenye macho wakikaa gizani dakika tano wanadhani wameshajua upofu, kumbe wamejua dakika tano. Yeye ana miaka ishirini na nane, na bado anajifunza vikombe vya nyumbani kwa binti yake. Nilimwambia hatudai hivyo. "Afadhali," akasema, akaomba ya meza ya pili.

Aliyetupa kazi ngumu alikuwa wetu wenyewe. Mama mmoja kutoka kijiji cha jirani, aliyekuwa amekuja kama msimulizi na baadaye akafinyanga chungu kizuri kuliko vyote, hakuwepo siku tulipokubaliana juu ya maandishi. Alipofika Nyamitanga na kuona chungu chake chini ya blanketi, bila jina, alisimama katikati ya chumba.

"Miaka kumi na mbili naitwa namba ya kadi," alisema. "Kwenye foleni namba, hospitalini namba. Leo nimefanya kitu kwa mikono yangu, na nyinyi watoto wangu mnanificha tena?"

Hakuna aliyejibu haraka. Nilimwomba tukae nje. Nikamweleza habari ya karatasi na ya kutikisa kichwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hayo ni matatizo ya wageni, kwa nini dawa yao ainywe yeye. Vijana wengine walimuunga mkono, wengine mimi. Mimi bado naona nchi na vita vinaweza kungoja nje ya mlango. Jina sina uhakika tena. Jina la mtu si kitu kimoja na historia ya mateso yake, ingawa kwenye zile karatasi vimeandikwa mstari mmoja.

Aliamua mwenyewe. Alichukua kiti, akakaa kando ya meza yake, mkono mmoja juu ya blanketi. Kila aliyeingiza mikono alimwacha apapase mpaka atosheke. Mtu akitoa mikono, mama anamshika kiganja, udongo ukiwa bado kwenye vidole vyake, na kumwambia jina lake, yote mawili, la ubatizo na la ukoo, na anangoja mpaka mtu huyo alirudie vizuri. Wazungu wawili walilikosea mara nne. Hakuwaachia.

Jioni, wakati wa kufunga, watu wawili walitaka kununua kile chungu. Alikataa, akakifunga kwenye kitenge chake, akakipakata mpaka Nakivale, na nasikia sasa anakipikia maharagwe. Mwezi ujao tutajaribu tena, hapa Base Camp, na meza kumi na mbili. Kuhusu majina, vijana watapiga kura Jumamosi, na mama amesema atakuja.